Zimwi likujualo: historia ya uvamizi wa vijiji kwenye michezo ya dadu

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii imenirudia sana kichwani siku hizi ninaposoma historia ya michezo ya kuigiza uhusika. Nazungumzia ile ambayo watu wanakaa mezani na karatasi, penseli na dadu, mmoja anakuwa msimamizi wa hadithi na wengine wanakuwa mashujaa. Ukipitia vitabu vya michezo hiyo kuanzia miaka ya 1970 mpaka leo, kuna tukio ambalo utakutana nalo tena na tena. Ni usiku, kijiji cha wakulima kimelala, mazimwi yanatoka msituni, yanachoma nyumba, yanapora, yanaondoka. Asubuhi wanafika mashujaa na kuuliza, "Wameelekea wapi?"

Leo nataka tuongelee tukio hilo. Mimi kazi yangu ni habari, kwa hiyo maswali yangu ni ya chumba cha habari: nani kavamia, alitaka nini, kwa nini usiku ule, na aliyevamiwa anasemaje? Maswali manne tu. Utashangaa michezo hii ilichukua miaka mingapi kuyauliza yote, na la nne mpaka leo linasuasua.

MWANZO MCHEZAJI ALIKUWA MWENYEJI

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul huko Marekani, kulikuwa na vijana waliokuwa wagonjwa wa michezo ya vita ya mezani. Unapanga vinyago vya askari, unapima mwendo kwa rula, unarusha dadu kuona nani kafa. Mmoja wao, David Wesely, akabuni mchezo kuhusu mji wa kufikirika wa Ujerumani enzi za vita vya Napoleon, mji unaoitwa Braunstein. Majeshi yanakaribia. Badala ya kumpa kila mchezaji kikosi cha askari, Wesely akagawa watu: wewe ni meya, wewe mwenye benki, wewe mkuu wa chuo kikuu. Kila mtu ana shida zake na siri zake wakati vita inabisha hodi.

Hebu ishike hiyo, tutairudia. Babu wa michezo yote hii alianza na watu wa mjini wanaosubiri kuvamiwa. Mchezaji alikuwa mwenyeji.

Katika kundi hilo alikuwepo kijana mwingine, Dave Arneson. Mwaka 1971 akaanzisha mchezo wake wenye mji na ngome, Blackmoor, safari hii kukiwa na mazimwi na uchawi. Wachezaji walitakiwa kuulinda mji dhidi ya maadui wa jirani. Lakini chini ya ngome kulikuwa na mahandaki yaliyojaa hazina, na jamaa wakanogewa. Kila wakikutana wao ni chini tu, wanasaka dhahabu, huku juu mji hauna mlinzi. Basi bwana, adui akaja akauteka. Arneson alisimulia kisa hiki katika kitabu chake cha 1977, The First Fantasy Campaign. Hakuwaonea huruma: mashujaa wakafukuzwa Blackmoor, wakahamishiwa sehemu nyingine iitwayo Loch Gloomen, wakaanze maisha upya.

Mimi nakipenda sana kisa hiki. Kinasema kwamba ukiwa na mji na ukaupuuza, unaupoteza. Bahati mbaya, somo hilo halikuingia vizuri kwenye kitabu kilichofuata.

JEDWALI LINASEMA MIA TATU

Kitabu kilichofuata kilikuwa Dungeons & Dragons. Arneson alishirikiana na Gary Gygax, fundi wa michezo ya vita aliyekuwa akiishi Lake Geneva, Wisconsin, na Januari 1974 kikatoka kiboksi chenye vijitabu vitatu, nakala 1,000 tu za kwanza. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mchezaji aliacha kuwa mwenyeji akawa mpita njia. Ni mtafuta bahati mwenye upanga, leo yuko hapa, kesho kule.

Na zimwi likawa namba. Mashujaa wanaposafiri nyikani, msimamizi anarusha dadu kuona kama wamekutana na kitu, kisha anasoma jedwali. Chukua Monster Manual ya 1977, kitabu cha mazimwi alichoandika Gygax. Maorki wanatokea kuanzia 30 hadi 300 kwa mpigo. Magoblini 40 hadi 400. Halafu kuna safu nyingine inayotaja uwezekano wa kuwakuta nyumbani kwao: kwa maorki ni asilimia 35. Ukiisoma harakaharaka unapita tu. Ukiisoma kama mwandishi wa habari unasimama. Kama asilimia 35 ndiyo wako nyumbani, ina maana asilimia 65 wako njiani. Mamia ya watu wenye silaha, barabarani, wanakwenda wapi?

Wanakwenda kutafuta chakula, ndugu yangu. Kitabu hakisemi hivyo, lakini hesabu zake zinasema. Maelezo ya maorki yanaeleza kwamba ukiwakuta kwao, utakuta pia wanawake wao, nusu ya idadi ya wanaume, na watoto, sawa na idadi ya wanaume. Tuseme dadu zimetoa wanaume 200. Ongeza wanawake 100 na watoto 200, unapata midomo 500. Kwa nusu kilo tu ya nafaka kwa siku kila mmoja, hiyo ni kilo 250. Gunia la mahindi ni kilo 100, kwa hiyo kila siku inayochomoza zinakwenda gunia mbili na nusu, na kwa mwaka zaidi ya gunia 900. Hapo hatujaweka nyama wala pombe, na maorki wa vitabuni hawalimi.

Sasa niambie gunia 900 zinatoka wapi. Ukikadiria kwamba kaya ya mkulima ikishakula na kutenga mbegu inabaki na ziada ya gunia tano, unahitaji kaya zaidi ya 180 ulizozipora ziada yote. Na ukizichoma kaya hizo mwaka huu, mwakani utakula nini? Zimwi lenye akili haliwezi kuchoma kijiji. Linachukua, linaacha, linarudi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, kwa sababu likikumaliza nalo limekwisha.

HISTORIA ILISHALIJUA HILO

Wala sibuni. Historia ya Ulaya, ambayo wapenzi wa michezo ya vita waliisoma sana, ina mfano wake. Mwaka 793 Waviking waliivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, wakaua na kupora. Huo ndio uvamizi ambao kila filamu inauiga. Lakini ukifuata hadithi mbele unakuta mambo yamebadilika. Baada ya vita vya Maldon mwaka 991, Waingereza waliwalipa wavamizi paundi 10,000 za fedha ili waondoke. Mwaka 994 wakalipa 16,000. Mwaka 1012, 48,000. Yaani uvamizi uligeuka kuwa kodi. Mvamizi hakuhitaji tena kuchoma kitu kila mara. Ilitosha mlipaji kukumbuka kwamba anaweza kuchoma.

Wajapani nao waliliona hilo kwenye sinema. Filamu ya Akira Kurosawa ya 1954, Seven Samurai, ndiyo mama wa kila hadithi ya kijiji kinachokodi mashujaa. Inaanza na majambazi juu ya kilima wanakitazama kijiji. Wanataka kushuka, kisha mkubwa wao anawakumbusha kwamba mpunga walishauchukua msimu uliopita, hakuna kitu pale sasa. Watarudi shayiri ikikomaa. Mkulima mmoja anawasikia, na hapo ndipo kijiji kinapoanza kujipanga. Wanakodi wapiganaji saba wasio na bwana, na malipo yao ni wali. Halafu wanakijiji wenyewe wanachonga mikuki ya mianzi, wanachimba mitaro, wanafundishwa kusimama kwenye mstari. Majambazi ni 40. Mwisho wa filamu wapiganaji wanne kati ya saba wamekufa, na anayebaki shambani akipanda mpunga kwa nyimbo ni mkulima.

Angalia tofauti. Kurosawa alianza na mkulima na akamaliza na mkulima. Michezo ya mezani iliuchukua uvamizi, ikawachukua na mashujaa wa kukodi, ikamwacha mkulima kwenye boma lake.

MALI ILIYOPORWA NI YA NANI?

Ushahidi upo. Mwaka 1978 kampuni ya Gygax, TSR, ilianza kuchapisha hadithi kamili zinazouzwa mojamoja, na ya kwanza katika zile tatu za mwanzo ilikuwa Steading of the Hill Giant Chief. Majitu yamekuwa yakivamia nchi za watu kwa makundi makubwa, mauaji na uharibifu kila yanapopita. Wakubwa wa nchi wamechoka. Wanakusanya watu hodari na kuwaambia: nendeni mkayatie adabu majitu hayo, mkishindwa vichwa vyenu vitakatwa. Na mali yote mtakayoikuta huko ni yenu.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Majitu yamepora nani? Vijiji. Mali iliyoko kwenye ngome ya jitu imetoka wapi? Vijijini, angalau sehemu yake. Mashujaa wanaiteka, wanakwenda nayo. Hakuna mahali mkulima anapopanga foleni kutambua ng'ombe wake. Ameporwa mara mbili, na mara ya pili ameporwa na waokoaji.

Kanuni zenyewe zilikuwa upande wao. Katika Dungeons & Dragons ya wakati ule mhusika alipanda ngazi kwa pointi za uzoefu, na pointi nyingi zilitokana na hazina: sarafu moja ya dhahabu, pointi moja. Kuua zimwi kulileta pointi chache tu. Kuokoa mtoto kwenye nyumba inayoungua hakukuwa na namba. Mchezaji anafuata pointi zilipo, ni kawaida ya binadamu. Ni mwaka 1989, toleo la pili lilipotoka, ndipo pointi za dhahabu zilipofanywa kuwa hiari ya msimamizi.

Mwaka 1979 kikaja The Keep on the Borderlands, kilichofungwa ndani ya boksi la wanaoanza, kwa hiyo vijana wengi mno walianzia hapo. Kuna ngome ya watu mpakani, na jirani kuna bonde la mapango yanayokaliwa na maorki, magoblini, makoboldi na wengineo, kila kabila na pango lake. Jambo ambalo wachezaji wamelizungumza kwa miongo ni kwamba watu wa ngome hawana majina. Kuna mlinzi, mhunzi, mwenye baa, kasisi. Vyeo tu. Na upande wa pili, mapangoni, idadi ya wanawake na watoto wa mazimwi imeandikwa vyumba kwa vyumba. Shujaa akifungua mlango wa chumba hicho, kitabu hakimwambii afanye nini. Pale mezani ndipo ugomvi ulipoanzia, na kwa maoni yangu ugomvi huo umeifaa michezo hii kuliko kanuni nyingi.

Mwaka huohuo Gygax alitoa The Village of Hommlet, na hapa nampa haki yake, maana ni kijiji kweli. Nyumba kwa nyumba imeelezwa: nani anaishi, anafanya kazi gani, nani yuko kwenye mgambo wa kijiji. Unaweza kumjua fundi, msaga nafaka na mwenye nyumba ya wageni. Lakini kuna kitu cha kuchekesha. Kwenye nyumba kadhaa za wakulima kitabu kinataja pia fedha walizoficha, na kiasi gani. Shujaa aliyekuja kuwalinda anahitaji taarifa hiyo ya nini? Jibu unalo.

NG'OMBE WA JIRANI

Wakati huohuo, upande mwingine wa Marekani, mtu mmoja alikuwa akiwaza tofauti. Greg Stafford, wa California, alikuwa amebuni dunia iitwayo Glorantha, na mwaka 1978 kampuni yake ya Chaosium ikatoa mchezo wa RuneQuest uliochezwa ndani ya dunia hiyo. Humo kuna watu wa koo, wafugaji na wakulima, na utajiri wao unahesabiwa kwa ng'ombe. Wanavamiana. Ukoo huu unakwenda usiku kuchukua ng'ombe wa ukoo ule, msimu ujao wale wanalipiza.

Kwa msomaji wa Tarime, au ndugu zetu wa Pokot na Turkana, hapa sina haja ya kueleza.

Dunia hiyo ilionekana vizuri zaidi kwenye mchezo wa kompyuta wa 1999, King of Dragon Pass. Hapo wewe si mtu mmoja mwenye upanga. Wewe ni ukoo mzima: wazee wa baraza, wakulima, wapiganaji, ng'ombe na maghala. Mwaka una misimu mitano. Ukituma watu kuvamia msimu wa kupanda au wa kuvuna, mashamba yanadoda kwa sababu wapiganaji wako wengi ndio haohao wakulima. Kwenda kuchukua ng'ombe kimyakimya ni jambo moja, kwenda kuvamia kwa vita kamili ni jingine. Ukiua watu unaanzisha kisasi cha miaka. Unaweza kulipa fidia ya damu kukizima, unaweza kutoa zawadi, unaweza kumfanya adui kuwa mshirika. Na wewe unavamiwa pia, na walioiba wana jina, na baba yako alishawahi kula nao.

Hapo ndipo methali yetu ilipokaa sawasawa. Yule ni zimwi likujualo. Anakuumiza, lakini kuna mlango wa kuzungumza naye. Maorki 300 wa jedwali hawana mlango.

SIKUKUU YA SANDPOINT

Kwa upande wa hadithi za mezani, uvamizi uliochambuliwa vizuri kuliko mingi niliyoisoma ulitoka Agosti 2007. Ni Burnt Offerings ya James Jacobs, sehemu ya kwanza ya mfululizo wa Pathfinder wa kampuni ya Paizo. Mji mdogo wa pwani, Sandpoint, uko kwenye sikukuu. Kanisa jipya linazinduliwa, kwani la zamani liliungua miaka mitano kabla. Wachezaji wanakula, wanacheza michezo ya sikukuu, wanawajua watu kwa majina. Jua linazama, magoblini wanaruka katikati ya umati.

Ukiangalia ufundi wake, hakuna jeshi la 300 hapa. Wachezaji wanapambana na makundi madogo, kundi moja baada ya jingine, na katikati yake kuna moto na watu wanaokimbia. Siku zinazofuata ndipo unagundua kwamba magoblini walikuwa moshi wa kufunika jambo. Wakati mji mzima unapambana nao, kuna watu waliingia makaburini na kuiba mifupa ya kasisi wa zamani aliyekufa kwenye ule moto. Na aliyepanga yote ni Nualia, binti wa kulea wa kasisi huyo, ambaye kila mtu aliamini aliungua naye. Alikulia Sandpoint. Wenyeji walimwona kama kiumbe wa baraka, si mtoto. Watoto wenzake wakamtenga. Akapendwa kwa uongo, akapata ujauzito, akaachwa. Ndani ya mji kulikuwa pia na kijana wa familia inayojulikana aliyeshirikiana naye.

Kwa hiyo maswali manne ya chumba cha habari, hapa matatu yamejibiwa. Nani? Mtoto wa nyumbani. Alitaka nini? Mifupa, kwa ajili ya kafara ya uchawi. Kwa nini siku ile? Kwa sababu mji wote ulikuwa uwanjani. Zimwi liliijua Sandpoint vizuri, na safari hii methali inaleta baridi mgongoni.

Mwaka 2014 Dungeons & Dragons nao wakafungua hadithi yao mpya, Hoard of the Dragon Queen, kwa mji wa Greenest unaoungua usiku. Kinachonivutia pale ni kwamba usiku huo umekatwa vipandevipande ambavyo msimamizi anavipanga atakavyo. Kuna familia ya kufikisha ngomeni, handaki la zamani, watu waliojifungia hekaluni na adui wanabomoa mlango, na kinu cha kusagia nafaka kinachoonekana kuchomwa. Kumbe kinu ni mtego. Wavamizi wanajua kwamba watu watatoka ngomeni kuokoa chakula chao, kwa hiyo wanajifanya wanakichoma ili wawavizie. Aliyeandika hapo alijua kwamba kinu ndio uhai wa mji.

KOMPYUTA NA KENGELE

Nipite haraka kwenye kompyuta. Skyrim ilipotoka Novemba 2011, majoka yaliweza kushuka mjini muda wowote, na mwaka uliofuata nyongeza ya Dawnguard ikaleta mashambulizi ya wanyonya damu. Tatizo lilikuwa wananchi. Muuza duka anatoka na kisu kidogo kumkabili joka, anakufa, na duka limekufa naye. Wachezaji wakachoka, wakaandika programu ndogo za kuongeza kwenye mchezo ili wananchi wakivamiwa wakimbilie ndani na kufunga milango. Nadhani ndiyo mara chache ambapo mashabiki walikaa chini kutafuta jinsi ya kumwokoa mwanakijiji asijiue.

Minecraft yenyewe iliweka uvamizi rasmi Aprili 2019. Ukimuua kiongozi wa doria ya waporaji unapata mkosi, na ukiingia kijijini na mkosi wako, uvamizi unaanza. Wanakuja kwa mawimbi, matatu hadi saba kulingana na ugumu uliochagua. Wanakijiji wanagonga kengele na kukimbilia ndani. Ukishinda wanakuita shujaa wa kijiji, wanakupunguzia bei. Yaani umewaletea balaa kwa miguu yako, na wanakushukuru. Tangu mwaka 2024 mkosi huo uko kwenye chupa, na unaunywa mwenyewe kwa hiari ukitaka.

ORKI ANAPOKUWA MTU

Kwa muda mrefu jibu la "kwa nini wanavamia" lilikuwa moja: kwa sababu ni maorki, wamezaliwa waovu. Juni 2020 wamiliki wa Dungeons & Dragons, Wizards of the Coast, walitamka hadharani kwamba kuwaonyesha maorki na wengine kama jamii ovu kwa asili kunafanana mno na jinsi binadamu fulani walivyosemwa na wanavyosemwa. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kikamweka orki kati ya wahusika unaoweza kuwa. Kitabu cha mazimwi cha 2025 kikamtoa kwenye orodha.

Wapo waliokasirika. Mimi naona lilikuwa jambo la haki, ila lina shimo lake. Ukimtoa orki ukamweka jambazi wa kibinadamu kwenye jedwali lilelile, bila sababu, bila njaa, bila jina, hujabadilisha kitu. Waliofanya vizuri zaidi ni Larian wa Ubelgiji na Baldur's Gate 3 ya Agosti 2023. Humo kuna kichaka cha wakimbizi na kambi ya magoblini wanaotaka kukivamia, na mchezaji anaweza kwenda kuwaongoza wavamizi. Akifanya hivyo, wanaokufa ni watu aliozungumza nao jana, akiwajua mpaka watoto wao. Hakuna mchezo uliowahi kunifanya niweke mikono chini nikafikiri kama pale.

SWALI LA NNE

Limebaki lile la nne: aliyevamiwa anasemaje? Hapa naomba nijumuishe na kazi yangu. Habari ya uvamizi wa kijiji kwenye gazeti inajulikana ilivyo. Idadi ya waliokufa, idadi ya mifugo, kauli ya kamanda, kauli ya mkuu wa wilaya. Kama nafasi ipo, mwanakijiji mmoja anapewa sentensi moja, mara nyingi ya kulia. Ni Jedwali la Gygax limehamia ukurasa wa tatu. Msomaji wa mjini anakunja gazeti akijua wangapi, hajui nani, na kesho yake hatakumbuka hata wilaya.

Ndiyo maana naichukulia michezo hii kwa uzito. Watu wanajifunza umbo la hadithi wakiwa wanacheza, na umbo hilo wanakwenda nalo kazini, kwenye kura, kwenye mazungumzo ya daladala. Aliyezoea kijiji kuwa mahali pa kupita ukielekea kwenye hazina atakisoma kijiji cha kweli vivyo hivyo. Na tiba ilikuwepo tangu Braunstein: mpe mchezaji kiti cha mwenyeji.

Kwa hiyo wewe unayesimamia mchezo wikendi hii, kabla hujarusha dadu za idadi ya maorki, andika kwanza kwenye karatasi majina ya watu watatu wa kijiji chako. Mmoja awe na ghala. Mmoja awe anamjua mvamizi kwa jina. Wa tatu awe amewahi kuvamiwa zamani na anakumbuka waliomwacha hai walitaka nini. Kisha wape wachezaji wako watu hao watatu wawaigize kwa saa nzima kabla ya kumleta shujaa yeyote mwenye upanga.

Halafu mazimwi yaje.